Baraza Iliyoondoka kwa Amin

Jiwe la baraza yetu lilikuwa na bonde. Bonde lenyewe lilichimbwa na wanawake watatu bila jembe wala sururu: nyanya yangu, mama yangu na mimi, kwa kukalia tu. Mvua ikinyesha maji yakisimama pale, na paka wote wa Kibokoni wakija kunywa, nami nikiwaambia wageni kuwa hiyo ndiyo bahari ya pili ya Mombasa, ile ya kwanza ni ya chumvi. Wakishacheka nawauzia viazi.

Viazi vyangu vya karai sivisifu, vyajisifu vyenyewe. Nitasema moja tu. Kuna maiti alipitishwa pale kwenda kuzikwa, harufu ikamfikia, jeneza likasita. Waulize waliobeba. Na ukwaju wangu, bwana we, kuna bwana aliyekuwa hasemi na mkewe tangu Ramadhani mpaka Ramadhani, alipouramba tu akarudi nyumbani mbio kuomba radhi. Haya si maneno ya kujigamba. Ni maneno ya njaa, ukiyasikia, wanunua.

Kichochoro chetu kimetoka Ndia Kuu, kikajipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, kikaenda kujificha nyuma ya msikiti. Maduka yake madogo madogo. Duka la vitambaa lilikuwa mlango wa pili na wangu, fundi wa kanzu alinielekea, na juu ya kitwa changu, ghorofani, aliishi shoga yangu, mwanamke ambaye dirisha lake halijafungwa tangu azaliwe, asije akapitwa na jambo. Na kila mlango na baraza yake, lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, nyumba na baraza kama mdomo na meno.

Baraza ina kanuni zake, na hakuna aliyeziandika. Alfajiri ni ya wazee wakitoka kuswali. Asubuhi ni ya wateja wa madukani na mizigo yao. Adhuhuri ni ya paka. Alasiri ikishaswaliwa, ni yangu na karai langu, mpaka viazi viishe. Hakuna anayeomba na hakuna anayepewa. Wakaa tu, na ukishakaa sana, basi ni pako, na atakayekuondoa amwogope Mungu.

Nami ndivyo nilivyokula, nikavaa, nikamsomesha binti yangu mpaka akapata kazi na mume na nyumba Tudor. Kila kitu kilitoka katika lile bonde. Hiyo ndiyo mali niliyoachiwa. Wengine waliachiwa mashamba.

Basi wakaja watu wa mradi.

Mwanzo walikuja na futi za kupimia na kofia za plastiki kitwani, wakapima kichochoro, wakapima milango, wakapima baraza. Mmoja alipofika kwangu nikamwambia, "Mwanangu, ukinipima mimi futi yako itakatika." Akacheka, akala viazi, akaenda. Tukasikia kuwa mtaa utatengenezwa. Mtaro utafukiwa vizuri, waya zitaingizwa chini, tutatiwa taa, na ndia yote itapangwa kabro nyekundu na za kijivu, yale matofali ya kutandikwa chini. Tukasema alhamdulillahi. Halafu tukasikia na mkia wa habari: ndia ipanuke, na ili ipanuke, baraza zitoke.

Jioni hiyo palikuwa hapapitiki kwa maneno.

"Nawaje!" alisema mwenye duka la vitambaa. "Nawaje hata leo! Mtaro huu ukifurika wateja wangu waja wamebeba viatu mkononi. Mtu aja kununua kitambaa cha doria cha harusi, aondoka yuanuka kama samaki wa juzi."

Na hakusema uwongo. Mtaro wetu ukifurika hata panya walikuwa wakipanda ghorofani kubisha hodi.

"Mtaro ni mtaro, baraza ni baraza," alisema fundi wa kanzu, sindano ingali mdomoni. Huyo alishona kanzu za bwana harusi zote za mji mkongwe, na hakuwahi kuimeza sindano hata moja, japo mimi nimeshawaambia watu kuwa tumboni ana pakiti nzima. "Mtu akiumwa na jino hakatwi kitwa."

"We wasema hivyo kwa sababu waipenda baraza yako kuliko mkeo."

"Baraza yangu hainiulizi nimetoka wapi."

Shoga yangu akachungulia kutoka juu. "Na mimi wakinitolea baraza hapo chini, nitajuaje nani kaachwa na nani kaposwa? Watanitilia redio?"

"Wewe mwenyewe ni redio," nikamwambia. "Mimi nataka mtaro, nataka taa, na nataka jiwe langu. Hayo matatu. Kwani nimetaka mwezi?"

Tukakubaliana, palepale, mbele ya karai. Kutakuwa na mkutano wa maoni ya wenyeji, wameshatangaza. Fundi atasema upande wa wanaume, mimi nitasema upande wa wanawake. Nilichaguliwa bila mpinzani, maana mdomo wangu huvuka Likoni bila feri. Hata mwenye duka la vitambaa akakubali kuwa baraza zisiguswe, mradi mtaro wake utajwe kwanza.

Mkutano ukawekwa uani kwa madrasa, baada ya Adhuhuri. Sisi wanawake tulikaa barazani kwa ndani, upande, wanaume viti vya mbele. Na watu wa mradi, Mungu awape wanachostahiki, wakaja na pilau. Si sahani. Masufuria! Sufuria moja ungeweza kumwogesha ngamia ndani na mwanawe. Tukala kwanza. Hapo ndipo tulipokosea, lakini utakataaje chakula? Na ukishakula chakula cha mtu, kumkaripia mchuzi ungali kidoleni, hiyo kwetu ni tabia ya paka.

Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mtaratibu, viatu vyang'ara, salamu zetu kazijua zote. Akamwamkia kila mzee, akauliza hali za nyumbani mpaka nikadhani atawauliza na mbuzi. Kisha akatundika picha kubwa ukutani.

"Huu ndio mtaa wenu utakavyokuwa."

Nikaitazama. Wallahi palikuwa pazuri. Miti ndani ya vyungu, taa kama za peponi, watu wembamba wembamba wapita na mikoba yao. Ila wote wapita. Hakuna aliyekaa. Nikalitafuta karai langu. Nikahesabu milango kuanzia kona ya Ndia Kuu mpaka nikafika kwetu, na pale mahali pangu, penye bonde, nikaona wamechora pipa la taka.

"Shoga," nikanong'ona, "ndiwe uliyewauzia picha yangu?"

"Nyamaza, lafanana nawe kidogo," akasema.

Bwana wa mradi akasema, "Wazee wangu, mama zangu, semeni bila woga. Nataka maoni yenu."

Hapo ungeingia wewe mgeni ungesema watu hawa hawana maoni hata ya kugawana. Fundi wa kanzu akasimama. Akatoa salamu. Akashukuru kwa pilau. Akamwombea aliyepika, aliyepakua na aliyechinja. Halafu akasema, "Kuhusu baraza, tunayo maneno kidogo. Lakini wakubwa zangu wapo, siwezi kuwatangulia."

Akakaa!

Mzee mmoja akanyanyuka. "La hasha, fundi. Wewe ndiwe uliyesimama. Endelea."

"Siwezi, mzee wangu. Wewe ni baba yetu."

"Mimi nimeshapita wakati wangu. Na aseme yule mzee pale, ametuzidi sote."

Na yule mzee pale akasema apewe kwanza yule wa msikitini, na wa msikitini akasema apewe mwenyeji, na mwenyeji akasema leo mwenyeji ni mgeni. Walipomaliza kupeana nafasi, nami niliyeingia na nywele nyeusi nilikuwa na mvi. Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyekuwa hana haya. Akashika maikrofoni, akausema mtaro mpaka tukausikia ukinuka.

Wakasema na wengine, lakini walisemaje? Kwetu mtu hamwambii mgeni "sitaki" usoni. Yazunguka, hiyo sitaki, yapita Tudor, yapita Majengo, yarudi imevaa kanzu. "Mradi mzuri, Mungu awajaze kheri. Na hapo kwa baraza, inshallah mtaangalia." Mtoto wa Kibokoni akisikia hivyo ajua amekataliwa mpaka kiyama, ajikunjia jamvi lake aenda. Bwana wa mradi aliitikia kwa kitwa, "Asante mzee, asante, tumelipokea." Na kila alipoitikia, mimi nilisikia jiwe langu likilegea.

Nikasimama. Nikapiga mikono. "Na huku mbona hamji? Au wanawake wamekuja kuosha masufuria?"

Watu wakacheka. Binti mmoja wa mradi, aliyekuwa akipitisha maikrofoni, akaja mbio, waya ukamkamata katikati ya uwanja, ukamrudisha nyuma kama mbuzi aliyefungwa. Akavuta, wapi.

"Mama, sema tu kwa sauti, watakusikia."

"Mimi? Mimi watanisikia hata walio makaburini!"

Lakini shoga yangu akanivuta buibui. "Kaa. Wazee hawajesha kusema. Watasema hatuna adabu."

"Adabu itanikaangia viazi?"

"Ngoja wamalize. Kisha sema wewe, uwe wa mwisho. Neno la mwisho ndilo lenye nguvu."

Nikaona ana maana. Nikangoja, nimesimama, mguu mmoja mbele, maneno yamenijaa shavuni kama tambuu. Ndipo bwana wa mradi akatazama saa yake, akatazama jua, akasema kwa upole wake ule ule, "Alasiri yakaribia, sipendi kuwachelewesha na swala. Mzee wetu, tafadhali tufungie kwa dua."

Mzee wetu huyo ndiye husoma dua zote za mtaa, za harusi, za matanga na za kufungua duka. Mtu mwema, hana neno na mtu. Ukimwamsha usingizini ukamwambia soma, atasoma kwanza ndipo akuulize kuna nini. Akanyanyua mikono. "Al-Fatiha."

Na sisi sote, wa mbele na wa nyuma, anayetaka na asiyetaka, mikono ikapanda juu yenyewe kama mikono ya mtu mmoja. Midomo ikasoma yenyewe. Nami pale nimesimama na maneno yangu, nikafungua mdomo kusema "Ngojeni," ukatoka "Amin."

Lazima nikueleze Fatiha ni nini kwetu. Ni kufuli. Posa ikishasomewa Fatiha, binti keshaposwa, hata akija mwana wa mfalme na farasi wake arudi na farasi wake. Ugomvi ukisomewa Fatiha umekwisha, na atakayeufufua ndiye mbaya, hata kama ndiye aliyepigwa. Watu walipopangusa nyuso zao pale uani, waliyapangusa na maneno yao. Nikaona uso wa fundi wa kanzu. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka, na nyumba iko mbali.

Tulipotoka nje alimshika mzee wetu kwa mkono, taratibu, lakini alimshika.

"Mzee, mbona umefunga?"

"Nimeambiwa nisome."

"Hatukuwa tumesema!"

"Saa zote hizo mlikuwa mwafanyaje?" akasema yule mzee. Naye hakutania. Aliuliza kweli.

Mwenye duka la vitambaa akasema basi twende tukamwambie yule bwana, yungali pale kwenye gari lake. Tukatazamana. "Tumwambie nini?" akasema fundi. "Fatiha ishasomwa." Hata mimi, na ulimi wangu wa kuvuka bahari, miguu haikunipeleka. Mpaka leo sijui kama yule bwana alijua anafanya nini. Kama alijua, basi ni fundi kuliko fundi wetu. Kama hakujua, basi tulijinyonga wenyewe, tena kwa kamba nzuri ya hariri.

Haukupita muda wakasimamisha ubao kwenye kona ya Ndia Kuu, mkubwa kama tanga. Binti yangu akanisomea. Ati wenyeji wameupokea mradi kwa mikono miwili. Na chini yake picha ya uani kwa madrasa, watu wote mikono juu. Kura gani hiyo, jamani, ambayo kila mtu apiga mara mbili! Na katikati ya picha, nani? Mimi. Nimesimama peke yangu, mikono juu, mdomo wazi kama pango la popo. Aliyepiga picha alinipata kwenye ile "Amin". Kwa aliyeitazama, mji mzima wa Mombasa haukuwa na mwanamke aliyeutaka mradi ule kunishinda mimi.

"Umetoka vizuri lakini," akasema shoga yangu.

Nikataka kumpiga kwa karai. Halafu nikacheka, maana kweli nilitoka vizuri.

Siku ya kuvunja walikuja vijana wa kazi na nyundo na mashine ya kutetemesha ardhi. Nusu yao walikuwa wateja wangu, vijana wa Kaloleni na Rabai, wameshakula viazi vyangu na madafu ya jirani tangu waanze kazi mjini. Yule aliyefika mlangoni kwangu akasimama na nyundo yake, hakuiinua.

"Mama, tuwie radhi."

"Wewe una kosa gani? Mimi ndiye niliyeitikia Amin. Nenda kanitazame pale kwenye ubao."

"Si hivyo, mama."

"Piga, mwanangu. Usipopiga wewe atapiga mwengine, na mwengine hatanisalimia."

Akapiga. Jiwe lile lilikuwa gumu, limekaliwa na matako ya wanawake wetu wote, halikuvunjika kwa nyundo moja. Lilipopasuka lilipasukia katikati ya bonde. Nusu ya nyanya ikaenda huku, nusu yangu ikaenda kule, na mama sikumwona alikoangukia. Nikataka kuuliza kama naweza kulichukua pande moja. Wameshalitia kwenye mkokoteni.

Na utanicheka, lakini adhuhuri ilipofika nikawakaangia viazi. Wote. Mtu kafanya kazi mlangoni kwako, kwa jua lile, wamwacha na njaa? Nikakaanga ndani, moshi ukinitoa machozi, nikawapelekea kwa sahani, wakala wamesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Sasa sitadanganya. Kudanganya ni kazi yangu, lakini hapa sitadanganya. Mtaro haunuki tena. Panya wameshuka. Taa zawaka mpaka waweza kuokota sindano ya fundi usiku. Kabro zimepangwa vizuri, wageni waja kupiga picha milango. Lakini mwenye duka la vitambaa, yule wa "nawaje hata leo", amefunga. Hakufukuzwa na mtu. Wateja wake walikuwa wanawake wazima, wakija wakikaa kwanza barazani, wakipumua, wakisema na mimi, wakila viazi viwili, ndipo wafunuliwe vitambaa mapajani. Mtu hachagui kitambaa amesimama. Siku hizi wapita tu, kama ile picha ilivyochorwa. Siku aliyofunga alikuja kuniaga. Akasema, "Hata huo mtaro, sasa wapita chini ya duka la mtu mwengine."

Mimi nilijaribu kulitia karai langu juu ya kabro. Akaja askari wa mradi, kijana mpole, ati mafuta yatia doa. Nikatia gunia chini. Akaja tena, ati gunia halipendezi. Nikamwambia, "Basi nitie zulia na maua?" Akasema ataniulizia. Nikahamia mlangoni kwa ndani, nikakaa kizani kama mwali wa kufungiwa, watu wakapita hawanioni. Kisha mwenye nyumba, kwa adabu zote, akasema mtaa umekuwa wa wageni sasa, chumba cha chini kimepata mtu wa kuuza makobazi na vinyago. Ati inshallah nitaangalia pa kwenda. Unaona? Hata kutolewa nilitolewa kwa adabu.

Nikaenda kwa binti yangu, Tudor. Ghorofa ya juu kabisa, juu sana, ukitoa mkono wamshika kunguru. Nikakaanga viazi jikoni kwake. Harufu ilishuka chini, miguu ya watu haikupanda. Nikafunga kikapu kwa kamba nikakiteremsha dirishani, na dereva mmoja wa tuktuk akatia pesa akatoa viazi, na nilivyomshangilia ungedhani nimefungua hoteli. Majirani wakashtaki moshi. Mkwe wangu hakusema kitu, na mkwe akinyamaza ndio amesema.

Ndipo shoga yangu akanitumia habari. Mradi waendelea. Wafika mtaa wa pili, ule wa nyuma ya kwetu, nao wameshaitwa kwa maoni, na masufuria ya pilau yameshaonekana.

Nilishuka ghorofa zile bila kuzikanyaga. Nikaenda siku mbili kabla, nyumba kwa nyumba, kwa wanawake. Wengi nawajua, wamekula viazi vyangu tangu wana meno ya maziwa. Mama mmoja wa mtaa ule, mwenye baraza pana kama uwanja wa ndege, alikusanya wenziwe mlangoni kwake nikawaambia.

"Msikilizeni mwanamke wa kwenye ubao. Kula pilau kuleni. Salamu semeni zote. Lakini Fatiha isomeni mwanzo."

"Mwanzo? Kabla ya maneno?"

"Kabla hata hajatundika picha yake. Mkishaisoma, atafungia nini?"

Yule mama wa baraza pana akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nami nikaenda kwenye mkutano, nikakaa nyuma na shoga yangu. Yule yule bwana, viatu vile vile. Kabla hajafungua mdomo mzee wa mtaa ule akasimama, "Tupate baraka kwanza. Al-Fatiha." Amin. Tukajipangusa. Akatundika picha, watu wakaanza kupeana nafasi, wewe kwanza, la, wewe mkubwa, na muda ukaenda kama wetu. Bwana wa mradi akatazama saa, akatazama jua.

"Mzee wetu, tafadhali tufungie kwa dua."

"Tushasoma," akasema mzee.

"Ya kufunga."

"Ilitosha, mwanangu. Kaa. Watu hawajasema."

Akakaa! Na hapo, kwa sababu hapakuwa na kufuli, mlango ukabaki wazi, na wazi ni wazi. Wakazunguka, wakazunguka, mpaka walipochoka kuzunguka wakafika. Walisema wanawake, bila maikrofoni. Kijana mmoja akasema yeye ataka kabro na taa na mradi wote mzima, na akaachwa aseme. Mwengine akasema ataka mifereji ya maji. Na mama wa baraza pana akasema, "Bwana, karibu tena na pilau lako, tamu sana. Baraza hatutoi." Hivi hivi, uchi, bila kanzu. Bwana wa mradi alipoondoka Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa.

Mtaa ule umetengenezwa. Mtaro wao haunuki, taa wanazo, na baraza zao zipo mpaka leo, nenda ukakalie. Wakanipongeza, wakanikumbatia, mmoja akasema nijengewe sanamu. Nikamwambia kuna ubao wangu kwenye kona, wautumie.

Nikangoja wapoe. Halafu nikamfuata mama wa baraza pana, nikamkuta amekaa na binti zake. Nikamsalimia, nikaulizwa hali, nikauliza hali, nikapewa kahawa. Nikasema, "Mwanangu, hiyo kona ya baraza yako, pale karibu na ngazi. Alasiri tu. Mimi na karai langu. Sitakula nafasi ya mtu."

Akatazama kona. Nami nikaitazama. Palikuwa pamekaliwa na paka.

Yule mama akanishika mkono, kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa sauti tamu kuliko ukwaju wangu, "Mama yangu wee, karibu sana. Hapa ni kwako. Inshallah tutaangalia."

Kisha akaingia ndani akanitolea mkate wa sinia, mzima, umefunikwa kitambaa cheupe.

Nikapanda tuktuk nikaupakata mpaka Tudor. Nikapanda ngazi zote. Binti yangu akanifungulia, akatazama nyuma yangu kama labda nimekuja na jambo.

"Mama, wamekupa nafasi?"

"Wamenipa mkate," nikamwambia.

Akaufunua, akaunusa. "Una iliki."

"Na adabu," nikasema. "Lete kisu."